Baba alishonwa kano ya bega na kuwekewa chembe sahani za damu yake mwenyewe: niliyoyaona kwa miezi 14

#1 BintiTongoni (mwanzisha uzi)

Wakuu wa Tanga na wengine mnaopita, salamu. Mwezi huu peke yake nimeulizwa habari hii na watu wanne, mmoja alinisimamisha katikati ya soko Ngamiani nikiwa na kikapu mkononi. Nimeona niiandike mara moja, mahali pamoja, kila mwenye mgonjwa wa bega aisome.

Baba yangu ni mvuvi. Ana miaka 58, na sukari anaishi nayo mwaka wa tisa. Mwaka juzi walikuwa wanang'oa nanga iliyokwama mwambani, akasikia kitu kimeachia begani. Maneno yake mwenyewe: "kama kamba kavu." Akaendelea na kazi. Baada ya wiki mkono wa kulia ukawa haupandi kupita kifua. Kuvaa kanzu mpaka mama amshikie. Usiku ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, akijisahau akalalia ubavu ule anaamka na machozi, na baba yangu si mtu wa machozi.

Tulipoteza miezi saba. Tulianza kwa kuchua, mafuta ya nazi na karafuu. Halafu zahanati moja wakamchoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, akatulia wiki tatu, maumivu yakarudi. Wakachoma ya pili. Wakachoma ya tatu. Sukari ikapanda kila mara, maana steroidi hupandisha sukari, na hakuna hata mmoja aliyesema apigwe picha ya lile bega. Hilo mpaka leo linaniuma. Kano iliyokatika ikikaa muda mrefu hurudi nyuma kuelekea kwenye msuli wake, na msuli wenyewe husinyaa na kuingia mafuta. Kila mwezi uliopita ulifanya kazi ya kushona kuwa ngumu zaidi.

Tulipofika kwa daktari wa mifupa alimwinua mkono, akamwambia aushushe taratibu. Ukaanguka. Tukaenda altrasaundi, kisha MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, Dar. Jibu: kano imekatika kabisa, imeachana na mfupa karibu sentimita 3.

Alitufafanulia hivi. Bega ni mpira mkubwa uliokaa kwenye kisahani kidogo. Kinachouzuia mpira usiporomoke ni misuli minne, kila mmoja na kano yake, zinazoukumbatia kama vidole vinavyoshika dafu. Madaktari wanaliita kundi hilo rotata kafu. Ya juu kabisa, suprasipinatasi, ndiyo inayokatika mara nyingi kuliko zote, na ndiyo ya baba.

Upasuaji ukawa wa matundu, kwa kamera. Wanaingiza vijinanga kwenye mfupa, kila kimoja kina nyuzi zake, kisha nyuzi zile zinapitishwa kwenye kano na kuibana irudi mahali pake. Aliposikia neno nanga, baba aliuliza ina kucha ngapi. Daktari akachukua karatasi akamchorea.

Ndipo akataja jambo la nyongeza: watatoa damu kwenye mkono wa kushoto, wataizungusha kwenye mashine, watachukua ile sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile chembe zinazogandisha damu, na kuiweka katikati ya kano na mfupa kabla ya kukaza nyuzi. Wanaiita PRP, kifupi cha Kiingereza cha plazma yenye chembe sahani nyingi. Akatuambia bila kuzunguka: "Inaweza kusaidia kano ishike. Haishiki kwa niaba yenu." Tulikubali. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

#2 Chumvi ya Bahari

Pole kwa mzee, dada. Hii si ndiyo ile wanayochomwa watu usoni wang'ae, na wachezaji kwenye magoti? Nilidhani ni mambo ya urembo tu.

#3 Maabara Kwetu

Ndiyo hiyo hiyo, mkuu, asili yake ni moja. Mimi ni mtu wa maabara, acha niseme kilichomo ndani ya kile kichupa.

Damu ina chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na maji yake, plazma. Chembe sahani ndizo zinazokimbilia kwenye jeraha na kugandisha damu. Mtu mzima mwenye afya ana 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita moja, na kila chembe huishi siku 7 hadi 10 tu. Watu wengi huishia hapo, kugandisha damu. Lakini ndani yake kuna vifuko vidogo vimejaa protini zinazoziamuru seli nyingine: gaweni, njooni hapa, oteni mishipa mipya, fumeni kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazounda kano. Tunaviita vichochezi vya ukuaji. Chembe sahani ikishaamshwa, sehemu kubwa ya mzigo huo inatoka ndani ya saa moja.

Sasa PRP inatengenezwaje. Unatoa damu, unaichanganya na sitrati isigande, unaizungusha kwenye sentrifuji. Nyekundu ni nzito, zinakaa chini. Plazma inabaki juu. Katikati kuna utando mwembamba mweupe, chembe nyeupe na chembe sahani zimekusanyika hapo. Unachukua eneo hilo pamoja na plazma kidogo. Madaktari wa mifupa ya taya walianza kuitumia sana miaka ya 1990, na lengo ambalo wengi wamelifuata baadaye ni kufika kama milioni moja kwa mikrolita.

Hapa ndipo penye tatizo, na naomba mlikamate. Jina PRP halikuambii umepata nini. Mashine hii inatoa mara mbili ya damu ya kawaida, ile mara tano. Nyingine inabeba chembe nyeupe nyingi, ambazo zinaweza kuongeza uvimbe, nyingine inaziondoa. Wengine wanachoma maji maji, wengine wanaigeuza kuwa ute mzito, wengine wanafanya utando wa faibrini, zile nyuzi za damu iliyoganda, unaoshonewa kabisa kwenye kano. Ni kama kusema "nimekunywa uji". Uji wa nini, mzito au mwepesi?

Na jambo moja la nyumbani: aspirini inailemaza chembe sahani maisha yake yote. Mtu akija kutolewa damu huku anaimeza, tunazikusanya chembe ambazo hazifanyi kazi vizuri. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huzivuruga, japo kwa muda mfupi zaidi. Ndiyo maana wengi huambiwa waziache kama wiki moja kabla na watumie parasetamoli. Lakini aliyepewa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake, amwulize daktari wake kwanza.

#4 Mtu wa Muheza

Maelezo mazuri, ila mie nataka neno moja. Inaponya au haiponyi? Nimesoma huku wanasema ni muujiza, kule wanasema ni maji ya bei mbaya.

#5 Kitabibu Korogwe

Mkuu wa Muheza, neno moja halipo, na nitakueleza kwa nini. Mimi ni tabibu, masomo haya nimeyafuatilia kwa sababu ya wagonjwa wangu wa mashamba ya mkonge.

Anza na tatizo lenyewe. Kano ikishonwa, si kwamba imepona. Mwaka 2004 Marekani walichapisha habari za wagonjwa 18 waliokuwa na michaniko mikubwa, wakashonwa kwa kamera. Walipopigwa altrasaundi baadaye, 17 kati yao kano ilikuwa imeachia tena. Kumi na saba! Michaniko midogo hali yake ni nzuri zaidi, na nanga na mishono imeendelea tangu wakati ule, lakini hilo ndilo lililowafanya watu watafute kitu cha kuisaidia kano ishike. Mahali kano inapoingia kwenye mfupa, Mungu alipaumba kwa hatua nne: kano, gegedu laini, gegedu gumu, mfupa. Baada ya kushonwa hatua hizo hazirudi kama zilivyokuwa. Kinachoota ni kovu.

Italia, mwaka 2011, walichukua wagonjwa 53, nusu wakawekewa PRP wakati wa kushonwa. Waliowekewa walikuwa na maumivu madogo mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu walikuwa mbele kidogo kwa nguvu. Kufikia miaka miwili, wote sawa. Mwaka huo huo, Italia hiyo hiyo, wengine wakatumia utando wa faibrini kwa wagonjwa 88: hakuna tofauti ya maana. New York, mwaka 2012, wagonjwa 79, utando wa faibrini tena: haukusaidia, na waandishi wakaonya kwamba huenda hata ulirudisha nyuma uponaji.

Halafu Korea Kusini. Mwaka 2013, wagonjwa 48 wenye michaniko mikubwa. Waliowekewa PRP, asilimia 20 kano iliachia tena. Wasiowekewa, asilimia 55.6. Mwaka 2015 wakarudia kwa wagonjwa 74 wenye michaniko ya kati na mikubwa: asilimia 3 dhidi ya 20.

Katikati ya hayo, mwaka 2014, wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 19 ya PRP kwenye misuli, kano na viungo, watu 1,088 kwa jumla, wakasema ushahidi hautoshi kuipendekeza kwa kila mtu.

#6 Mtu wa Muheza

Kwa hiyo Wakorea wanasema ndiyo, Wamarekani wanasema hapana. Nimwamini nani?

#7 Maabara Kwetu

Rudi kwenye uji, ndugu yangu. Wakorea hawakutumia kimashine cha mezani. Walitumia mashine kubwa kama ile ya kuchangia chembe sahani benki ya damu, wakapima, wakahakikisha imefika milioni moja kwa mikrolita na chembe nyeupe zimepunguzwa, kisha wakaifanya ute na kuuweka palepale kano inapokutana na mfupa. New York waliweka utando wa faibrini. Hayo ni matibabu mawili yaliyopewa jina la familia moja. Mimi nikisoma "PRP haifanyi kazi" au "PRP inafanya kazi", swali langu la kwanza ni ipi.

#8 Ng'ambo ya Pangani

Mimi naandika kwa hasira kidogo, mnisamehe. Shemeji yangu ana bega tangu mfungo uliopita, anakwea minazi. Kuna mahali aliambiwa achomwe PRP mara tatu, laki tano kila sindano. Hakupigwa picha yoyote. Alihakikishiwa kano "itaota yenyewe na kujiunga". Ameshachoma mbili, ameuza mbuzi. Mkono bado haupandi. Aendelee na ya tatu?

#9 Kitabibu Korogwe

Asiichome kwanza. Apigwe altrasaundi, haina gharama ya MRI na kwa mchaniko mzima inaona vizuri sana mikononi mwa mtu aliyeizoea.

Tofautisheni mambo haya mawili, wakuu, maana ndipo watu wanapoliwa. Kano iliyochoka au iliyochanika nusu, sindano ya PRP bila upasuaji inajaribiwa, wapo wanaopata nafuu ya miezi, na mazoezi peke yake yanawafikisha wengi mbali. Kano iliyokatika kabisa na kurudi nyuma sentimita mbili tatu haina daraja la kupita. Ukimwaga vichochezi kwenye pengo lile, vinachochea nini? Lazima ivutwe na kushikizwa kwanza.

Na si kila mchaniko ni wa kukimbizwa kushonwa. Watu wengi waliopita miaka 60 wana kano zilizochanika na hawajui, hawaumwi. Lakini mkwezi aliyekuwa mzima jana, akaanguka au akateleza, leo mkono hauinuki, huyo hastahili kuzungushwa miezi.

#10 BintiTongoni

Pangani, nimeisoma na moyo umenishtuka, ni sisi kabisa ila sisi zilikuwa za steroidi. Mwambie shemeji aulize kwa sauti: picha yangu iko wapi? Tafadhali usiache mpaka apigwe.

#11 Mnyooshaji

Mie ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, hapa mjini. Nimesubiri mtu ataje miezi mitatu ya kwanza, naona kila mtu yuko kwenye mashine. BintiTongoni, hebu tueleze mzee alikaaje baada ya kushonwa.

#12 BintiTongoni

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ile PRP yote, tangu kutolewa damu hadi kuwekwa, nadhani haikuzidi nusu saa. Sisi tulikuwa na miezi.

Wiki sita mkono ulikuwa umefungwa shingoni, kimto kidogo kimewekwa kwapani, mchana na usiku. Safari ya basi kutoka Dar nilimkalisha dirishani, bega zima likielekea kioo na lililoshonwa upande wangu, nikalizuia kwa mwili wangu kila watu walipopita. Alilala kwenye kiti cha kuegemea kwa mwezi na nusu maana kulala chali kulimuuma.

Sukari tulianza kuipima kila siku. Daktari alisema sukari ikiwa juu kidonda na kano vyote vinachelewa, na vijidudu vinapata nafasi. Sigara aliiacha wiki mbili kabla ya upasuaji, miaka 30 ya sigara, kwa sababu aliambiwa moshi unabana mishipa midogo inayolisha kano. Mimi namsifu baba kwa hilo kuliko kwa jingine lolote.

Kilichomtesa ni swala. Kusujudu ni kuuegemea mkono. Aliswali kwenye kiti zaidi ya miezi mitatu, na msikitini aliona aibu, watu wanamwona mzima. Ilibidi imamu wetu ndiye amwambie kwamba mwenye udhuru huswali anavyoweza. Baada ya hapo alitulia. Udhu alitawadha kwa msaada wa mdogo wangu.

#13 Mnyooshaji

Ahsante sana. Kiti kile kilimsaidia baba yako kuliko anavyojua. Wagonjwa wangu wawili waliachia mshono kwa mambo madogo namna hiyo: mmoja alijiinua kutoka kwenye mkeka kwa kuegemea kiganja, wa pili alipanda baiskeli wiki ya tano. Tanga hii na baiskeli zetu! Ukishika usukani barabara ya mashimo, kila shimo linapiga begani.

Kano inavyopona haiharakishwi na hamu yetu. Siku za mwanzo ni uvimbe, na uvimbe ule una kazi, ndio unaoita mafundi. Wiki zinazofuata kolajeni inafumwa, lakini ni laini na imekaa ovyo ovyo. Kuanzia kama miezi mitatu ndiyo inajipanga kufuata upande wa mvuto na kupata nguvu, na inaendelea hivyo mwaka na zaidi. Mishono mingi inayoachia huachia ndani ya miezi sita ya mwanzo, wakati maumivu yameshapungua na mtu anajiona amepona. PRP ikipunguza maumivu mwezi wa kwanza, kama wale wa Italia walivyoona, mimi huzidisha ulinzi. Mgonjwa asiyeumwa ndiye anayenikosesha usingizi.

Kwa kawaida wiki sita za kwanza mkono unasogezwa na mtu mwingine au na mkono mzima, wenyewe haujiinui. Baada ya hapo unaanza kujiinua bila mzigo. Uzito mwepesi, wiki ya 12. Kazi ya kuvuta na kubeba, si kabla ya miezi sita, na kwa mchaniko mkubwa hata zaidi. Tarehe kamili anazitoa aliyeshona, maana yeye ndiye aliyeiona kano ilikuwa imara kiasi gani.

#14 BintiTongoni

Kweli kabisa. Zoezi lake la kwanza lilikuwa kuinama na kuuachia mkono uning'inie uyumbe wenyewe. Kisha tukaambiwa tununue kamba na gurudumu la kutundika mlangoni. Baba akasema nunueni nini, ninalo kapi la mashua ndani. Akalifunga mwenyewe juu ya mlango wa uani kwa mkono wa kushoto, akawa anavuta wa kushoto ili wa kulia upande. Kila baada ya alasiri, dakika 15. Wajukuu walihesabu.

#15 Chumvi ya Bahari

Swali langu si la kitabibu sana. Mama yangu akisikia damu itolewe irudishwe mwilini anasema hapana, damu ikishatoka ni najisi. Mzee alilionaje hilo?

#16 BintiTongoni

Hata yeye aliuliza, na hakumwuliza daktari, alimwuliza shehe wake. Aliambiwa ni damu yake mwenyewe, ni tiba, na haja ipo. Akaridhika. Mama yako amwulize anayemwamini, na amweleze vizuri kwamba haichanganywi na ya mtu mwingine. Kwa upande wa tiba hilo pia ndilo jema lake, mwili hauikatai kwa kuwa ni yake, japo sindano yoyote inaweza kuingiza vijidudu pasipokuwa na usafi.

#17 Mtu wa Muheza

BintiTongoni, mzee amerudi baharini? Na je, unasema ni PRP iliyomponya?

#18 BintiTongoni

Mwezi wa sita baada ya kushonwa alipigwa altrasaundi, kano ilikuwa imeshika mfupa. Mwezi wa kumi alirudi majini, ila hang'oi nanga tena, kaka yangu ndiye anayeing'oa. Mkono unapanda mpaka juu, kwa nyuma haufiki alipokuwa anafika zamani. Usiku analala.

Kuhusu PRP, nitakujibu ninavyoamini. Mchaniko wake ulikuwa mkubwa, daktari wake aliiweka wakati wa kushona na si badala ya kushona, na alitueleza chembe zimehesabiwa. Kwa hali hiyo nisingemkatalia. Lakini ningeambiwa nichague kimoja, fedha ya PRP au fedha ya nauli ya kumpeleka mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi minne, ningelipa nauli na wala nisingefikiria mara mbili. Baba alipona kwa kushonwa vizuri, kwa sukari iliyoshuka, kwa sigara aliyoizima na kwa kile kiti cha kuswalia. PRP naihesabu baada ya hivyo vyote.

#19 Ng'ambo ya Pangani

Wakuu, narudi. Jana shemeji amepigwa altrasaundi. Imekatika yote. Daktari amesema msuli bado ni mzuri, haujaingia mafuta mengi, na anaweza kushonwa. Amepangiwa mwezi ujao. Ile sindano ya tatu hatukuichoma, hizo fedha tumeziweka kwa ajili ya mazoezi. Nimletee nini hospitalini?

#20 BintiTongoni

Alhamdulillahi. Mletee shati la vifungo mbele, kubwa kuliko saizi yake kwa namba mbili, maana fulana haitapita kichwani wiki sita. Kandambili za kuvaa bila kuinama. Mto mdogo wa safari. Na siku ya kurudi mkae upande wa basi ambao bega lake halitakuwa njiani. Nitumie ujumbe mkishafika, kapi la baba nitaliazima nikuletee.